Nyumbu wa Baba Mkwe

Miaka ya tisini nilikuwa nafundisha darasa la nne katika shule moja ya msingi karibu na Silibwet. Upande mmoja wa uwanja hapakuwa na ua, palikuwa na majani chai tu, na mpira ukiingia humo ulikuwa unatafutwa mpaka kengele ilie. Muhula mmoja kanisa likatuletea katoni ya vitabu vya hadithi kutoka ng'ambo. Vilikuwa vya Kiingereza, vimejaa picha, na karatasi zake ziliteleza kama sahani. Watoto walivinusa kwanza kabla ya kuvifungua.

Kimoja kilihusu Vita Vikuu vya Pili. Watoto wa Kizungu walikuwa wanapandishwa treni, wapelekwe mashambani mabomu yasiwakute mjini, kila mmoja na kikaratasi cha jina kwenye koti. Nilisoma kwa Kiingereza nikieleza kwa Kiswahili, na walipokwama kabisa, kwa Kipsigis. Darasa lilitulia tuli. Nilipofunga kitabu, msichana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono.

"Mwalimu, hawa wakipanda treni, sisi tulikuwa wapi?"

Nikamjibu kama nilivyofundishwa chuoni, kwamba Waafrika nao walichukuliwa jeshini wakapigana hadi Burma.

"Nani?"

"Wengi."

"Lakini nani?"

Mdomo ukanitangulia. "Baba mkwe wangu," nikasema. Darasa likalipuka. Wote walimjua. Ni yule mzee mrefu waliyekutana naye kila asubuhi akipeleka maziwa.

Shida ilianzia hapo. Kwetu mke wa mwana haketi mbele ya baba mkwe akamhoji kama askari wa kituo. Nilimsalimia kwa heshima, nikamwekea chai, nikaondoka. Nilikuwa nimeolewa pale miaka kadhaa, na sidhani tulikuwa tumezungumza jambo lolote zaidi ya mvua na ng'ombe. Kwa hivyo nikamtuma mama mkwe amuulize habari za vita. Alirudi jikoni haraka kuliko nilivyotarajia.

"Anasema alichunga nyumbu."

"Basi?"

"Basi. Halafu ameuliza kama chai imeisha."

Mwalimu mwenzangu wa sanaa ndiye aliyekuwa na mkono wa kuchora. Kwao ni upande wa ziwani, lakini baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha chai kule Kericho, na yeye alizaliwa na kukulia kwenye nyumba za wafanyakazi. Kipsigis alikisema vizuri kuliko watoto wangu. Miaka michache nyuma majirani huku kwetu walikuwa wamefukuzana kwa ukabila, na yeye alikaa kwao miezi mingi kabla ya kurudi shuleni. Hatukuwa tunaliongea sana jambo hilo. Nilipomwambia nataka tuwatengenezee watoto kitabu cha vita, alikubali kwa sharti moja.

"Sawa," akasema. "Lakini tuchore mtu. Tusichore bunduki."

Akachora kwenye karatasi za manila, tukazishona kwa uzi wa gunia. Askari wetu alikuwa na kaptula na kofia, na kando yake amesimama nyumbu, ana pembe na ndevu, mgongoni kabebeshwa masanduku ya risasi. Hakuna aliyeona kosa. Sisi tuko karibu na mbuga ya Mara, na nyumbu tunayemjua ni yule wa kwenye kalenda, anayevuka mto akikimbia mamba.

Jioni hiyo binti yangu alikichukua kitabu akamwonyeshe Kugo, maana ndivyo wanavyomwita babu. Nilikuwa naosha vibuyu vya maziwa niliposikia sauti kutoka zizini ambayo sikuwahi kuisikia katika boma lile. Mzee alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka.

"Huyu ni wa Mara! Huyu akinusa simba si angetoroka na risasi zetu zote!"

Kesho yake, bila kualikwa na mtu, alisimama kwenye mlango wa darasa langu. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani.

"Mwalimu," akasema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuniita hivyo, "nimekuja kurekebisha mnyama."

Akawaeleza watoto kwamba nyumbu wa jeshi ni mwingine, baba yake ni punda na mama yake ni farasi. Hapo pakatokea mabishano marefu kuhusu jinsi wawili hao walivyokutana, na mwalimu wa sanaa akageuka haraka kufuta ubao ambao haukuwa na kitu. Kijana mmoja akauliza Kugo aliua watu wangapi.

"Mimi nilikuwa na wanyama wa kulisha," mzee akajibu. "Ukiwa na nyumbu huna nafasi ya mambo mengine."

Akasimulia mvua ya msituni, matope ya kufika magotini, na ruba walioingia mpaka ndani ya soksi. Kisha akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Na nyumbu wetu hawakuwa wanalia. Daktari wa jeshi aliwakata kitu hapa kooni, adui asiwasikie."

Yule msichana wa mbele akauliza, "Sasa akiwa na njaa alikuwa anakuambiaje?"

Mzee akamgeukia.

"Alikuwa anakuja kusimama karibu na mimi. Anafungua mdomo. Hakuna kitu kinatoka." Akafungua mdomo wake mwenyewe kutuonyesha, na katika watoto wote wale hakuna aliyecheka. "Mimi namwambia, nimesikia."

"Na mlirudi na yeye?"

"Hapana. Sisi tulipanda meli, wao wakabaki. Sikuuliza watapelekwa wapi." Akakohoa, akagonga fimbo sakafuni. "Haya! Nani ana kalamu ya rangi?"

Wakati wa mapumziko uwanja mzima ulijaa watoto wanaokimbizana midomo wazi bila sauti, mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini kuuliza kuna ugonjwa gani.

Nyumbu mpya alichorwa mzee akiwa amesimama nyuma ya mchoraji, akidai masikio yaongezwe. Lakini darasa lilikataa katakata yule wa Mara ang'olewe. Mzee akakubali abaki, mradi tuandike chini yake kwamba huyu hakuwahi kuingia jeshini.

Siku hiyo tulirudi nyumbani njia moja, yeye mbele na mimi nyuma kama inavyotakiwa. Tulipopita kituo cha kununulia majani chai akapunguza mwendo mpaka nikawa kando yake.

"Watu wote huniuliza niliua nani," akasema. "Yule mtoto ameuliza vizuri."

"Ndiyo, Baba."

"Kesho nitakuja na habari ya meli. Mwambie yule mwalimu wa kuchora alete rangi ya buluu ya kutosha."

Meli ilitusumbua kuliko nyumbu. Mimi na mwalimu wa sanaa tulikuwa hatujawahi kuona bahari, na kila tulichochora mzee alisema ni bwawa. Alitaka kurasa nzima nzima za maji, kama alivyoyaona siku zote za safari, hakuna ndege, hakuna kisiwa, hakuna mtu. Mwishowe tukampa.