Nilimfelisha Ticha Manila Mbele ya Msimamizi Wake

Mimi ndiye niliyemfelisha mwalimu. Msitafute mwingine wa kumlaumu na msinipambie. Niliyafanya nikiwa na akili zangu timamu, tena nikacheka.

Jina langu sitaji. Ni woga, najua. Nitukaneni tu hivyo hivyo bila jina.

Nipo kidato cha pili, shule moja ya huku Nachingwea, na darasani kwetu mchekeshaji ni mimi. Nina kipaji hicho na sina kingine. Mwalimu akipiga chafya, nina neno. Kengele ikichelewa kulia, nina neno. Zaidi ya nusu ya darasa wanaitwa majina niliyowabatiza mimi, na mengine yamewafuata mpaka kwao.

Muhula wa kwanza akaletwa mwalimu wa mazoezi, yaani mwanachuo anayekuja kujifunzia ualimu kwenye vichwa vyetu. Kijana mwembamba, mtu wa Chinongwe, suruali moja ya bluu Jumatatu mpaka Ijumaa. Kwapani kila siku ana karatasi za manila zimeviringishwa kama mkeka. Kabla hajamaliza kuandika tarehe ubaoni nilishambatiza: Ticha Manila.

Alikuja kutufundisha aina za nomino na kazi zake katika sentensi. Na huyu hakuwa wale wa kujaza ubao na kuondoka. Alikata manila vipande, kila kipande neno moja, akatuita mbele tuvishike tujipange tuwe sentensi. Uliyeshika nomino ukisimama kabla ya kitenzi, wewe ni kiima, mtenda, bosi. Ukihamishiwa nyuma ya kitenzi, umekwisha, sasa unatendwa wewe. Tulihamishwa pale mbele kama viti vya harusi, na ukweli niuseme: tulielewa! Hata rafiki yangu Bakari alielewa, na Bakari ndiye niliyekuwa namtolea mfano wa nomino dhahania, kwamba akili zake zinatajwa tu, hazionekani.

Chuki yangu ilianzia kwenye kipande kimoja cha manila.

Siku hiyo nilikuwa nachonga sana huko nyuma. Ticha akasema, "Wewe mwenye maneno mengi, hebu njoo." Akanikabidhi neno langu. MBUZI! Sentensi ilikuwa "Fundi amemfunga mbuzi." Fundi alikuwa binti mmoja ambaye, basi, tuyaache. Nikasimama pale nimefungwa.

"Huyu mbuzi ana kazi gani katika sentensi?" Ticha akauliza.

"Kupiga kelele!" mtu akadakia.

Darasa likalipuka. Na Ticha naye akacheka! Alicheka mpaka akashika meza. Hapo ndipo nilipomchukia.

Wiki nzima ikawa "Meee!" Nikienda bombani, "Meee!" Vitoto vya kidato cha kwanza, ambavyo hata sare haijavikaa, "Meee!" Mimi, mgawaji wa majina, nimepewa la mifugo! Nikaapa atanilipa.

Nafasi alinipa mwenyewe. Alhamisi moja baada ya vipindi akafunga mlango wa darasa, akakaa juu ya dawati la mbele.

"Wadogo zangu," akasema, "kesho msimamizi wangu anatoka chuoni kuja kunikagua. Mwaka jana nilianguka kwenye mazoezi haya haya. Hii ni mara ya pili, na hakuna ya tatu. Nikianguka kesho, ualimu basi."

Kisha akatufundisha somo lote la kesho yake, mwanzo mpaka mwisho. Akamalizia hivi: "Nikiuliza swali, wote nyosheni mikono. Anayejua anyooshe wa kulia. Asiyejua anyooshe wa kushoto. Mimi nitachagua wa kulia tu."

Sasa msije mkaniambia alikuwa malaika. Ule ulikuwa udanganyifu, tena wa kupangwa! Lakini ile "hakuna ya tatu" niliisikia. Niliisikia vizuri sana, na hicho ndicho kinachoniua.

Tulipotoka nikaanza kupita kwa mmoja mmoja. "Oya, kesho tunageuza. Unajua, kushoto. Hujui, kulia."

"Atafukuzwa huyo, mwanangu," Bakari akasema.

"Hafukuzwi mtu. Utani tu."

"Utani gani? Si umemsikia?"

"Haya, kamkumbatie basi, mkwe wake!"

Wenzetu wakacheka. Bakari akaenda zake. Ndivyo nilivyokuwa nashinda mabishano yangu yote.

Ijumaa akaja mama mmoja wa miwani, faili mkononi, akakaa dawati la nyuma kabisa. Ticha alikuwa amepiga pasi suruali yake mpaka inang'aa. Manila mpya. Sauti imekaza.

"Nani atanitajia nomino ya pekee?"

Mikono yote juu! Isipokuwa ya Bakari, ambaye alikuwa ameinamia daftari. Mama wa watu akatikisa kichwa kwa kuridhika. Ticha akachagua wa kulia.

"Korosho," akajibu dada mmoja.

"Mh. Tumsaidie. Wewe?"

"Muhogo."

"Haya, tuiache kwanza. Nomino ya jamii?"

Wa kulia tena. "Mjomba!"

Nilikuwa nauma mkono wa shati nisicheke. Ticha akaanza kutoka jasho, chaki ikamkatikia ubaoni, vipande vya manila vikamponyoka sakafuni. Alipoinuka baada ya kuviokota akaitazama mikono yetu taratibu, mstari kwa mstari. Akafika kwangu. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa juu, umenyooka kama mlingoti, na alikuwa anajua kwamba mimi somo lile nalijua. Akaelewa.

"Wewe," akaniambia. "Ruangwa inalima ufuta. Ruangwa ni nomino ya aina gani, na ina kazi gani hapo?"

Nomino ya pekee, kiima. Hata mngeniamsha usingizini ningejibu! Na sauti yake haikuwa ya kuuliza, jamani. Ilikuwa ya kuomba. Sijawahi kuombwa na mtu mzima namna ile. Ningejibu tu, sekunde mbili, na mama yule angeandika kitu kizuri.

Nikasimama. Nikavuta shati. Nikasema, "Mwalimu, si jana ulisema wa kushoto hatuulizwi?"

Wawili walicheka, wakaacha.

"Jana aliwaambia nini?" mama akauliza kutoka nyuma.

Ticha akaweka chaki mezani. "Ni kweli, Madamu," akasema. "Somo hili nililifundisha jana. Na mikono niliipanga mimi."

Mama akafunga faili. Hakuandika hata neno.

Mngedhani niliishia hapo. Wapi! Baada ya kipindi Ticha alinikuta karibu na tangi la maji, nimezungukwa na watu wangu. Akasimama mbele yangu. "Umefurahi?"

Nikamwambia, "Meee!"

Nilimlilia kama mbuzi! Mtu ambaye maisha yake nimetoka kuyavunja! Naandika hapa na uso wangu unawaka.

Jumatatu hakuja. Mwalimu wa zamu akatuambia Ticha amerudishwa chuoni na hatamaliza mazoezi. Bakari akabeba begi lake akahamia dawati lingine. Nikamfuata, "Oya, vipi?" Akasema, "Kaa na utani wako huko." Mpaka leo hajarudi. Nikisema neno darasani siku hizi wanatazamana. Yule binti aliyekuwa fundi alinitamkia mbele za watu, "Wewe ukifungua mdomo mtu anapoteza kazi."

Na Kiswahili? Mwalimu amebaki mmoja kwa shule nzima. Anaingia mara moja kwa wiki, anamwachia kiranja maandishi ayanakili ubaoni, anaondoka. Kwenye mtihani wa muhula lililetwa swali la kazi za nomino katika sentensi. Wengi tulilipata, mimi nimo. Nililipata kwa sababu ya manila zake! Vema nyekundu ile niliitazama nikatamani kuchana karatasi.

Likizo nikatumwa kwa mjomba wangu kule Nkowe, wilaya moja na Chinongwe, kusaidia shambani. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho, na mjomba alikuwa amechukua kijana mmoja mwenye mashine. Asubuhi ya kwanza nikatumwa nimpelekee maji. Kijana alikuwa amejaa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, nywele, nyusi, vyote vimekuwa vumbi la njano. Alipovua kitambaa usoni, dumu lilitaka kunidondoka.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

Akanitazama. Akachukua maji, akanawa mikono, akanywa. Hakuitika.

Nikadhani hajasikia. "Shikamoo."

Mjomba akageuka. "Kijana, mtoto anakusalimia."

"Nimemsikia, mzee," Ticha akasema. "Huyu sina salamu naye."

Nimekua nikiitikiwa na walevi. Nimeitikiwa na watu wenye msiba, na wazee waliogombana na baba yangu. Sikujua kwamba mtu anaweza kukunyima marahaba.

Mjomba akanikazia macho. "Umemfanya nini mtu huyu?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo ningesema. Tulikuwa watatu tu, hakuna darasa, hakuna wa kuchekeshwa.

"Sijui, Mjomba," nikasema.

Ticha akacheka kidogo puani. "Hajui," akamwambia mjomba. Akafunga kitambaa chake usoni, akavuta kamba ya mashine, akaondoka zake kwenye mikorosho. Alifanya kazi pale siku nne. Nilimpelekea maji siku zote nne. Hatukusemezana tena.

Mjomba nimemwambia ukweli jana, kwa simu. Amekata. Kwa hiyo mkitaka kunitukana, pangeni foleni nyuma yake.

Wewe mchekeshaji wa darasa, najua upo, kila darasa mpo. Usinijie na "ulikuwa utani tu." Niliisema mimi hiyo, na mtu anakohoa salfa. Siku utakapokuwa na neno tamu mdomoni la kuliangusha darasa zima, mtazame kwanza aliyesimama mbele na chaki. Ukiona chaki inamkatikia mkononi, jibu swali ukae chini.