Nyayo za Baba na Kanda ya Harusi

Nilipokuwa mtoto, Pangani, ufagio wa nyumbani kwetu ulikuwa na sheria zake. Iliyo kubwa ilikuwa hii: mtu akisafiri, uwanja haufagiwi siku hiyo. Mama yake baba, Bi Mwanaiki binti Makame, alituambia kwamba anayefagia nyayo za msafiri hufagia na marejeo yake.

Asubuhi aliyoondoka baba yangu, Bakari bin Shehe, kwenda Mombasa kwa kazi ya upishi, dada yangu Mwanahamisi alifagia. Alikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa ndani analia, naye dada alitaka mama akitoka akute uwanja msafi. Bibi alipoiona mistari ya ufagio mchangani, aliketi kizingitini.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimefagia, bibi."

Bibi hakumpiga. Afadhali angempiga.

Masika yalikuwa yamepita ilipokuja habari kwamba baba amefariki kwa homa na amezikwa huko huko. Matangani wanawake walimtazama Mwanahamisi wakinong'ona. Mama hakumlaumu kwa maneno, ila tangu siku ile hakumwambia tena ashike ufagio.

Mwanahamisi alifariki kabla ya Ramadhani iliyopita. Hakupenda kupigwa picha. Nilichobaki nacho ni kanda moja ya video, ya harusi ya binti yangu Rukia. Nilipoitoa deki kabatini na kuitia kanda hiyo, nilisikia ngoma na vigelegele, lakini kwenye kioo cha televisheni zilikuwa chenga tupu. Nikavichukua vyote hadi mjini, mtaa wa Usagara, kwa fundi Mbaruku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Fundi alitia kanda yake ya kujaribia kwanza. Chenga zile zile.

"Sauti ipo, picha hakuna. Hedi chafu hiyo, kile kichwa kinachosoma mkanda," alisema. Akafungua kifuniko, akalowesha kitambaa laini kwa spiriti, akafuta taratibu. Kanda yake ikaonyesha vizuri. Kisha akaishika yangu, akaielekeza kwenye mwanga. Ukungu mweupe ulikuwa umetambaa ukingoni mwa mkanda.

"Mzee, nisikufiche. Huu ukungu unagandisha mkanda. Naweza kuusafisha, lakini deki hii ni kama mkwe wangu, ikila hairudishi. Huenda ukaona mara moja tu."

"Basi mara moja."

Picha ilikuja na mistari, kisha ikatulia. Rukia alikuwa akiingizwa kwenye gari la mumewe. Nyuma ya umati nilimwona Mwanahamisi. Hakuwa akipiga vigelegele. Alikuwa akizunguka uwanjani akikusanya fagio, moja jikoni, moja mlangoni, moja akimpokonya jirani mkononi. Kisha akaketi juu ya mkeka, fagio zote mapajani, kazifunika kwa kanga.

"Bi Mwanahamisi, kwani fagio nazo zinaolewa?" alitania mwanamke mmoja, na wengine wakacheka.

"Chekeni," alijibu. "Mtafagia kesho. Leo mwanangu yuko njiani."

Siku ile nilikuwa hapo hapo, nikishughulika na wageni, wala sikuona. Nilimwinamia fundi nimwombe arudishe nyuma kidogo. Kabla sijasema, picha ikajikunja, deki ikakwaruza, na mkanda ukaanza kutoka mdomoni mwake vipande vipande.

"Pole sana, mzee," alisema Mbaruku.

Sijui ufagio una nguvu gani. Rukia alifika salama kwa mumewe, na hadi leo yu hai. Baba aliuawa na homa, mbali, muda mrefu baada ya upepo kuufuta mchanga wa uwanja wetu bila kumwomba mtu ruhusa. Hayo ya baba sote nyumbani tuliyajua, bibi naye aliyajua. Lakini mtoto wa miaka tisa aliachwa aamini kwamba amemfagia baba yake, akaishi hivyo hadi uzeeni, na katika watu wazima wote wa nyumba ile hakutokea hata mmoja wa kumwambia sivyo.