Kasiksi ya Mama Eugénie

Bwana yangu Télesphore anauzisha fromaje, jibini ya Masisi, pale soko la Birere, na ni mutu wa kelele. Akikohoa tu, soko zima linajua. Lakini wakati alipougua alinyamaza. Macho yalikuwa manjano kama kiini cha yai, mukojo mweusi, na mwili ulimuwasha mpaka akawa anajikunia ukutani kama mbuzi. Hata kwenye misa alivaa miwani nyeusi. Haya ilinishika mimi.

«Ni karuho,» akasema. Huku kwetu karuho ni ile sumu mutu anakutilia kwenye kinywaji. Na yeye alikuwa anakunywa kwa mutu mumoja tu: Mama Eugénie, jirani yetu, anayeuzisha kasiksi, pombe ya ndizi. Desturi yetu, anayekukaribisha anaonja kwanza, wewe unamuangalia. Mama Eugénie hakuwahi kumuonjea. Yeye na bwana yangu walikimbia vita ya Masisi pamoja, wakalala kambi moja kule Mugunga. Nani anamuonjea ndugu yake?

Basi hiyo ndiyo ikawa kosa. «Mbona haonjangi?» bwana yangu akapiga kelele mbele ya wateja wake. Jamani! Nikamuita kwa jina la mutoto wetu: Papa Benny, funga mudomo. Wapi! Kesho yake benchi la Mama Eugénie lilikuwa tupu, hakuna muteja hata mumoja.

Nikamukokota hospitali. Muganga akamupima na mashine, akakuta jiwe limeziba kamufereji kanakotoa nyongo kwenye maini.

«Papa, rangi ya nyongo imekosa njia, imerudi kwenye damu. Ndiyo hii ya machoni. Na zile chumvi zake za kuyeyusha mafuta ya fromaje yako zimerudi pia, ndiyo maana unajikuna. Hakuna mutu alikulogea kitu.»

Walitoa jiwe, macho yakawa meupe. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Bwana yangu akaanza kuzunguka njia ya nyuma asipite kwa Mama Eugénie. Nikakasirika: «Ulimutukana mbele ya watu, utamuomba pardon mbele ya watu!»

Akaenda, majirani wakasogea kuangalia. Siku hiyo sauti yake ilikuwa ndogo kweli. «Mama Eugénie, nilikusingizia. Unisamehe.»

«Yamepita, ndugu yangu. Ikala,» akamuonyesha benchi.

Akamumiminia kasiksi. Halafu akainua kikombe, akaonja, akapangusa ukingo, akamupa.

«Mama, mimi usinionjee,» bwana yangu akasema.

«Nakuonjea, Papa. Watu wanaangalia.»

Télesphore alikunywa kichwa chini, machozi yakimutoka. Mpaka leo, kila akienda pale, Mama Eugénie anamuonjea kwanza, kama mugeni.