Aliniponyoka

Watoto wa shule walimwita Mama Simama, na jina likamkaa. Kila asubuhi alikuwa kwenye kivuko mbele ya geti, kibao chekundu mkononi, akizuia malori kwa jicho tu. "Kulia, kushoto, kulia tena! Shikaneni mikono! Wewe mwenye begi la njano, nakuona!" Miaka kumi na minane hakugongwa hata mtoto mmoja. Wazazi walimsifu mno, na kila sifa ilimchoma.

Alikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi viatu, ambaye mtaa mzima ulimjua kama Kambare. Jina hilo alipewa na mama yao mzazi, tena si kwa mapenzi.

Yalianzia huko utotoni. Dada miaka kumi na mmoja, mdogo wake saba, na agizo la mama lilikuwa moja: mshike mkono mpaka getini. Mwendo wa nusu saa, na raha yake acha tu! Walipiga teke kopo moja kutoka nyumbani hadi shuleni, na aliyelitumbukiza mtaroni alibeba mabegi yote mawili. Wakifika barabara kuu, kopo liliachwa na mikono ilishikana.

Siku hiyo wasichana wa darasa lake walikuwa ng'ambo. "Yaya huyo!" wakapiga kelele. "Yaya na mtoto wake, makamasi hadi kidevuni!" Dada akashikwa na haya. Katikati ya barabara akaukung'uta ule mkono kama mtu aliyepandwa na siafu, akawakimbilia wenzake. Lori la mchanga lilimkuta mtoto amesimama palepale alipoachwa.

Mama alifika hospitali mbio, povu la sabuni lingali mikononi. "Ilikuwaje?"

"Aliniponyoka," dada akajibu.

Neno moja tu, jamani! Kati ya "aliniponyoka" na "nilimwachia" kuna mguu mzima wa mtu. Mama akamgeukia mgonjwa: "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Unateleza kama kambare. Haya, Kambare, umeyaona?" Mguu ulipopona, mfupi kuliko mwenzake, mama alimpeleka mtoto kwa dereva wa lori akaombe radhi. Akaomba, kasimama kwa magongo. Dada alikuwepo, ameshika mkoba wa mama.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikwenda miaka arobaini na mitano bila hata kona.

Kambare mwenyewe aliamini. Alikuwa amezimia, akazinduka, akaambiwa ameponyoka. Angebishana na nani? Sasa ana wajukuu wawili na hajapata kuvuka nao barabara. Wakimnyooshea mkono, hurudisha wake nyuma. "Nendeni na mama yenu. Babu huyu ana tabia ya kuponyoka." Watu hucheka. Dada hucheka nao, kisha huenda kujifungia chooni.

Mwaka huu mwalimu mkuu akaandaa siku ya usalama barabarani, akamwalika Kambare awaoneshe darasa la kwanza mguu wake. Mama Simama akapata habari. Sasa uongo wake unafundishwa darasani! Akisema kweli, huenda akampoteza ndugu pekee aliyebaki naye. Akinyamaza, atasimamaje tena pale kivukoni? Akaamua kunyamaza. Alishazoea.

Kambare alipandisha mguu wa suruali, kikaonekana kiatu chenye soli nene alichojishonea. "Mnaona? Dada yangu huyu hapa alinishika vizuri kabisa. Mimi, kwa utundu wangu, nikamponyoka. Msiwe kama mimi."

"Babu," msichana mmoja akauliza, "mbona ulikuwa mbaya hivyo?"

"Ndivyo nilivyoumbwa, mjukuu wangu," akajibu, huku anatabasamu kama anayeomba radhi.

Hapo pakamshinda dada.

"Si kweli," alisema, kibao kingali mkononi. "Hakuponyoka. Mimi nilimwachia. Yeye alisimama tu, akinisubiri."

"Kwa nini ulimwachia?" akauliza yuleyule msichana. Watoto hawana simile.

"Nilimwonea haya. Makamasi yalikuwa yanamtoka, wenzangu wakanicheka."

Mwalimu mkuu akakohoa. Kambare alishusha suruali yake polepole.

"Kumbe nilisimama?"

"Ulisimama, mdogo wangu."

"Sikukuponyoka?"

"Hapana."

"Na mama alikufa akijua nini?"

Angetoa chochote asilijibu hilo. "Kwamba uliponyoka."

"Nilimwomba radhi mpaka siku anakata roho," alisema Kambare, sauti ya chini kabisa. "Kwa mguu wangu mwenyewe, dada."

Akachukua kofia yake, akatoka. Dada alimfuata mbio mpaka barabarani. Hakujua la kusema, basi akafanya analolijua: aliingia katikati ya kivuko, akainua kibao, magari yakasimama pande zote mbili. Akamnyooshea mkono.

Kambare alibaki ukingoni, mikono mfukoni.

"Tangulia," akamwambia. "Mimi nitavuka mwenyewe."

Madereva wakaanza kupiga honi, na Mama Simama alikuwa bado amesimama katikati ya barabara.