Mzigo wa Mvua

Kuna mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, na namfahamu kuliko wateja wangu wote. Ananijia nikiwa kazini, mchana kweupe, nimesimama mbele ya watu na projekta imewaka. Anakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, kitenge chake kimelowa, wala hasemi neno. Mimi naendelea kuuza. Nikisita kidogo, watu wanadhani nimesahau bei.

Nauza mifumo ya maghala. Ukiwa na stoo, iwe ya mbegu, ya saruji au ya dawa, mimi ndiye nitakayekuja kukwambia kwamba kadi zako za karatasi zimepitwa na wakati, na kwamba kishikwambi kimoja kitakuonyesha kilichoingia, kilichotoka, na nani apelekewe nini, lini. Nilizaliwa Makere, nikasoma Mwanza, kisha nikarudi Kasulu kufungua ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la spea za pikipiki. Mdomo nilikuwa nao. Mama alizoea kusema naweza kumuuzia Muha maharage, na Waha maharage tunalima wenyewe mpaka tunagawa.

Mteja wangu mkubwa wa kwanza alikuwa shirika moja la afya lenye ghala Kibondo, lililokuwa likipeleka dawa na vifaa kwenye zahanati za vijijini. Ghala lile lilikuwa mikononi mwa mzee mmoja mwembamba, mwenye koti la kazi la bluu na kalamu katika kila mfuko. Alianza kulitunza kabla mimi sijamaliza shule ya msingi. Kila rafu ilikuwa na kadi yake inayoning'inia kwa uzi, mwandiko umenyooka, hakuna kufutafuta. Siku ya kwanza nilimsalimu kwa Kiha, akafurahi, na tangu hapo akawa ananiita mwanangu.

Kabla ya kikao cha mauzo nilimwomba kadi zake za miaka mitatu ili niziingize kwenye mfumo. Alinipa zote. Alizifunga kwa kamba, mwaka na mwaka wake, akazifunika kwa kipande cha turubai zisije zikalowa njiani.

Siku ya kikao alikuwepo bosi wa shirika, mama mmoja mwenye akili na haraka, pamoja na wasaidizi wake wawili. Nikawasha projekta. Zahanati zote zilionekana kwa kijani isipokuwa moja, iliyo ng'ambo ya mto, kule karibu na mpaka. Hiyo ilikuwa nyekundu. Kila mwaka, mwezi wa tisa, ilikuwa ikipelekewa mara tatu ya mahitaji yake: dripu, glovu, na zile sindano za kuzuia damu kwa mama aliyetoka kujifungua. Wekundu ule nilikuwa nimeuona jana yake, nikaufurahia kama mtu aliyeokota noti. Mzee alikuwa hatua kumi kutoka nilipokaa, na sikumuuliza.

Nikasema kwa utani, "Sijui wenzetu wa kule wanazaa mapacha watupu!" Watu wakacheka. Mzee alikuwa amesimama ukutani, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumpa kiti.

"Ule ni mzigo wa mvua, bosi," akasema. "Mto ukijaa kule hakufikiki. Nawapelekea mapema. Ni kama kuni tu, huendi kukata kuni mvua inanyesha."

"Utaratibu huo umeandikwa wapi?" bosi akauliza.

"Haujaandikwa. Naujua."

Nakumbuka nilivyotabasamu aliposema naujua. Bosi akanigeukia mimi. "Kwenye mfumo wako, mtu anaweza kujiamulia hivi?"

Ukweli ni kwamba aliweza. Kulikuwa na kitufe. Mtunza stoo akiona inafaa kupeleka zaidi ya kile mfumo ulichokokotoa, anakibonyeza, anaandika sababu, mzigo unaondoka. Waliokitengeneza walikuwa na busara kunishinda. Lakini nilikuwa nimeshamsoma yule mama usoni, nikaliona jibu litakaloniuzia. Nikamwambia, "Kipo kitufe, ila tunaweza kukiondoa." Wiki hiyohiyo akatia saini. Kitufe nilikiondoa mwenyewe, na haikunichukua hata dakika mbili.

Septemba, asubuhi moja, nilikuwa Kasulu kwenye mgahawa ninakokunywa chai, najiandaa kwenda kwa mteja wa saruji. Simu ikaita. Ni mzee, ananisalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, mwanangu."

"Mwakeye, mzee wangu. Kwema?"

"Kwema. Ila hii mashine inanikatalia. Nataka kuwapelekea watu wa ng'ambo mzigo wao wa mvua. Naandika sindano tisini, yenyewe inanirudisha thelathini."

"Ndiyo kazi yake hiyo, mzee. Thelathini zinawatosha. Wakipungukiwa, muuguzi ataomba kwa simu, na mfumo utaidhinisha hapohapo."

"Ego, ndiyo, utaidhinisha. Sasa nani atavuka?"

Chai ilikuwa inapoa na saa ilikuwa inakimbia. Nikamjibu kwa sauti ile tunayowatolea watoto wanaouliza swali mara ya pili. "Mzee wangu, barabara siku hizi ni nzuri. Tusiishi kwa mazoea." Barabara niliyokuwa naisema ni ya lami, ile ninayopita mimi kwenda Kibondo. Kule mtoni sikuwahi kufika hata siku moja.

"Haya, mwanangu. Nashukuru."

Alinishukuru. Katika yote, hilo ndilo nimeshindwa kulitoa moyoni. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini miguu yangu ni mizima, naitembelea mpaka leo.

Januari nilirudi Kibondo kwenye kikao cha tathmini. Bosi alifurahi. Hakuna mzigo uliozidi, hakuna dawa iliyoharibikia rafuni. Kwenye taarifa kulikuwa na sentensi moja, kwamba kituo kimoja kilichelewa kufikiwa kutokana na hali ya hewa. Niliisoma, nikafunua ukurasa. Bosi akaniandikia barua nzuri ya kunitambulisha kwa mteja mwingine Buhigwe, nikaiweka kwenye mkoba, nikaenda stoo kumsalimia mzee na kilo mbili za sukari nilizomnunulia.

Kwenye rafu kadi zilikuwa zimeondolewa, zimebaki nyuzi. Mzee alipokea sukari kwa mikono miwili, akanivutia kigoda. Kisha, bila mimi kuuliza, akanieleza. Alieleza taratibu, jambo baada ya jambo, kama anayesoma hati ya mzigo.

Mwezi uliopita mto ulibeba daraja la magogo. Siku ya tatu yake muuguzi akatumia sindano ya mwisho. Akapanda kilimani kutafuta mtandao, akatuma ombi. "Mashine ilikubali hapohapo," mzee akasema. "Kwa hilo hukunidanganya." Alipakia kisanduku cha sindano chenye barafu, akapanda gari mwenyewe na dereva. Wakafika mtoni, wakasimama. Maji yalikuwa hayavukiki, si kwa gari, si kwa pikipiki, si kwa miguu. Walilala hapo siku mbili. Asubuhi ya siku iliyofuata wakaona watu wanateremka upande wa pili na machela ya miti. Baadaye aliambiwa kwamba mama alikuwa amejifungua alfajiri na damu haikatiki. Muuguzi alikuwa anatembea pembeni, ameinua chupa ya dripu, na chupa yenyewe ilikuwa imekwisha.

"Tukapigiana kelele," akasema. "Hawasikii, na sisi hatusikii. Mimi nikainua kile kisanduku juu wakione. Sijui kwa nini nilikiinua."

Nilitaka anitukane, aniambie wewe mtoto umemuua mtu, nilie, nimwombe radhi, yaishe. Badala yake nikauliza swali la kijinga: mama huyo alikuwa amevaa nini?

"Kitenge cha njano. Kimelowa, walimvusha mabondeni kwenye maji." Akafikiri kidogo. "Mtoto mzima. Yuko kwa bibi yake."

Nje dereva alikuwa anaosha gari kwa ndoo. Kisha mzee akainuka, akavaa miwani, akaniletea kishikwambi. Alikuwa na jambo la kazi, akasema, na afadhali nimekuja mwenyewe.

"Hawa wa ng'ambo. Daraja wamelitengeneza, gari linaondoka kesho. Lakini naona wamepunguziwa. Walikuwa wanapata thelathini, mwezi huu inaniambia niwape kumi na tano. Labda nimekosea kubonyeza. Hebu nitazamie."

Nilichukua kishikwambi. Nilitamani awe amekosea. Nikafungua ukurasa wa zahanati ile, nikashuka mstari kwa mstari, na sababu ilikuwa pale, kwa lugha safi. Mfumo unatazama zahanati imetumia kiasi gani, halafu unakadiria itahitaji kiasi gani. Siku zote baada ya ile sindano ya mwisho, mto ukiwa umefunga, zahanati ile ilikuwa imetumia sindano sifuri.

"Hujakosea, mzee," nikasema.

"Sasa mbona?"

Kiswahili changu cha kuuzia kilikuwa kimeniishia. Nikamweleza kwa Kiha. Nikamwambia zile wiki sindano hazikuwepo, kwa hiyo hakuna iliyotumika, na mfumo ukiona hakuna iliyotumika unadhani hawakuzihitaji. Ndiyo maana umewapunguzia.

Hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena. Alitazama namba ile kumi na tano kwa muda mrefu.

"Na haitakaa ijue?"

"Itajua. Wakizimaliza hizi upesi, itaona, itawaongezea kidogo kidogo."

"Ego," akasema. Akachomoa kalamu mfukoni na kipande cha karatasi, akakiweka juu ya goti. "Itawaongezea baada ya akina mama wangapi?"

Hakuwa ananisuta. Alikuwa mtunza ghala, gari linaondoka kesho, na alikuwa amenyoosha kalamu anasubiri nimtajie idadi.