Koti Lililotangulia Nyumbani

Aibu yangu kijiji chetu cha Kashebere kizima kinaijua, basi afadhali niisimulie mwenyewe, maana wengine wanaongeza chumvi: nilikwenda kwenye matanga yangu kwa miguu yangu, nimevaa kanzu ya wagonjwa iliyo wazi mgongoni.

Ilikuwa wakati wa Wabelgiji. Nilianguka shambani, mguu ukavimba, na baadaye kifua kikanibana nikakohoa damu mpaka koti langu likalowa. Nikabebwa kwa kipoyi, machela ya miti ya kubebwa mabegani, hadi hospitali, kule Masisi, na daktari akasema damu imeganda mguuni, kipande chake kimepanda kwenye pafu, kwa hiyo nilale bila kujisogeza. Nikachomwa sindano, halafu nikapewa vidonge vya kuzuia damu isigande. Nikiwa nimelala hivyo, harufu ya lile koti ikanichosha, nikampa muuza mawese mmoja aliyekuwa anashuka Kashebere amfikishie mke wangu, pamoja na suruali, azifue. (Mimi na akili zangu! Kwetu nguo za mgonjwa zinarudi bila mwenyewe siku amekufa tu.) Muuza mawese aliziacha kwa jirani bila kueleza lolote, akaendelea na safari yake.

Pumzi ilirudi polepole, nikaruhusiwa, sina nguo ila kanzu ya hospitali. Muuguzi alinipa vidonge vingine na onyo.

"Papa, hii dawa inafanya damu inakuwa mwepesi. Usijikate, hata ndevu usinyowe."

Lori lilinishusha barabarani, ukungu umelala juu ya kijiji. Hakuna moshi, hakuna sauti, na mbwa wangu alinitazama akarudi nyuma. Nyuma ya nyumba yangu watu wamekaa chini, vichwa vimenyolewa, mbele ya udongo mpya. Nikauliza nani amekufa. Mke wangu akataja jina langu polepole, kama anamwambia mgeni. Kweli nawaambia, nilijishika kifua nione kama bado napumua. Kumbe walikuwa wameng'oa mgomba na tunguu lake, wakaufunga ndani ya koti langu na kuuzika, maana aliyefia mbali hatumwachi bila kaburi.

Nikataka kuingia ndani. Mama yangu akasimama mlangoni na kisu cha kumenyea ndizi.

"Kama uko muntu, utoke damu," alisema. "Mufu haina damu."

Onyo nililikumbuka vizuri. Lakini mama yangu mzazi alikuwa ananiogopa, na hilo sikuweza kulivumilia (na mgongo ulikuwa unapigwa na baridi). Nikanyoosha mkono. Alikata kiganja, damu ikatoka, watu wakalia kwa furaha, mama akanikumbatia. Damu ikaendelea. Tukaweka majani, tukafunga kitambaa, kikalowa, kanzu nyeupe ikawa nyekundu, na watu wakaanza kurudi nyuma tena. Mke wangu peke yake alibaki, akaubana mkono wangu juu.

"Utakufa mara ngapi, Papa Furaha?" aliniuliza, machozi yakimtoka.

Wakanibeba kwa kipoyi kilekile, waombolezaji walewale, nimelala kifudifudi, mkono umenyooshwa mbele ili mke wangu aendelee kuubana, upepo ukifunua kanzu na kila kijiji njiani kikiona nisichopaswa kuonyesha. Hospitalini walinichoma sindano ya kurudisha damu katika hali yake, muuguzi akanigombeza kama mtoto. Nilipona. Aibu haikupona.

Tangu siku ile koti langu jipya halitangulii popote. Likichafuka, tunachafuka pamoja. Kaburi mama alikataa lifukuliwe. Mgomba ukachipua humo, ukazaa mikungu minene, na wageni wanasifu utamu wa ndizi zake. Mimi bado sijazionja.