Dawa ya Asubuhi Mwezi wa Ramadhani

Mimi nikifunga huogopa hata kumeza mate. Asubuhi ya kwanza ya Ramadhani, kaka yangu aliposema amefunga na haendi kunywa dawa, moyo wangu ulifurahi kwanza, halafu ukaogopa.

Kaka ameacha kuvuta unga. Kila siku huenda kliniki Msambweni kunywa dawa mbele ya muuguzi. Akiikosa, arosto humrudia: maumivu, jasho, na hamu ya kurudi maskani kwa wenzake wanaovuta.

"Nimefunga, mama. Watu watasema teja hata Ramadhani hafungi."

"Hao watu ndio watakaokushika ukianza kutetemeka?" mama akamjibu. "Mgonjwa ana ruhusa. Nenda, baba. Saumu utailipa ukipona."

Nilimsindikiza, maana niliogopa angeishia njiani. Alikunywa dawa kwa funda moja, akatoka akijifuta midomo kwa mkono wa shati.

"Naonekana nimekunywa kitu?"

"Huonekani, kaka."

Jioni aliketi nasi mkekani, akiwa mbali kidogo na sahani. Adhana ilipolia, mama alimpa yeye tende ya kwanza, kabla yetu tuliofunga. Kaka akasogea, nami nikampisha.